Mtoto wa malezi asipewe jembe siku ya tatu

Ndugu Mhariri,

Kila ikikaribia Idi, Krismasi au Mwaka Mpya, magazeti hujaa picha za watu waliokwenda kwenye makao ya watoto na katoni za biskuti, mchele, mafuta na sabuni. Nia yao ni njema na Mungu awalipe. Ila wapo watoto wengine ambao hakuna gari linalosimama mlangoni kwao: wale waliopelekwa na afisa ustawi wa jamii kukaa na familia nyingine, humu humu mitaani kwetu, baada ya kupigwa, kutelekezwa, kubakwa, kufiwa au kupotea. Tunaandika kwa ajili ya watoto hao na kwa ajili ya akina mama wanaowapokea. Kazi hii tunaifahamu kwa karibu. Tunachowaomba wasomaji wako ni mambo madogo, lakini yafanyike sawasawa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautambua utaratibu huu kwa jina la malezi ya kambo. Jina lenyewe halijawasaidia watoto, kwa sababu neno "kambo" limebeba hadithi zote za mama wa kambo tulizosimuliwa utotoni. Wengi katika kazi hii husema "familia ya kuaminika", hasa kwa ile inayompokea mtoto kwa dharura, siku chache au wiki chache, wakati ndugu zake wanatafutwa au kesi inaendelea. Familia hizo huchunguzwa kwanza na kutembelewa baadaye, na kwa kawaida hazilipwi mshahara. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema mtoto mdogo, hasa aliye chini ya miaka 3, alelewe ndani ya familia badala ya kituoni. Wenzetu wa Kenya nao wamejiwekea mkakati wa miaka 10, kuanzia 2022 hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Nyumba za namna hii zinahitajika zaidi, na kila moja ina majirani.

Mtoto hufika vipi? Mara nyingi ni jioni au usiku. Ametoka Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kituo cha mkono kwa mkono hospitalini, ambako aliyefanyiwa ukatili huhudumiwa na daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Amekaa kwenye benchi saa nyingi, amejibu maswali yale yale kwa watu wanne watano. Kama kuna jinai, nguo alizovaa huenda zimechukuliwa kuwa ushahidi, kwa hiyo anafika amefungwa kanga ya kuazima. Kama ana chochote chake, kimo kwenye mfuko wa salfeti, ule ule ambao nyumba nyingi hutupia takataka. Mtoto wa miaka sita anauelewa vizuri sana mfuko huo.

Ndiyo sababu kitu cha kwanza tunachokiomba ni begi. Begi la mgongoni lenye zipu. La mtumba linafaa, mradi ulivute zipu mara kumi kabla hujalilipia, kwa kuwa zipu ndiyo hufa kwanza, kisha mishono ya mikanda. Lisiwe na nembo ya kampuni, kanisa, msikiti wala chama, maana mtoto atalibeba shuleni na kila atakayeliona atajua amesaidiwa. Jina lisiandikwe nje. Liandikwe ndani ya kifuniko, na kama mtoto anaweza, apewe kalamu aandike mwenyewe.

Ndani mna vitu vya kawaida kabisa: nguo za kubadilisha jozi mbili, chupi nne, sweta, shuka moja, taulo dogo, ndala, mswaki, dawa ya meno, kipande cha sabuni, kopo dogo la mafuta ya kujipaka, kichana. Chupi, mswaki na taulo viwe vipya. Nguo nyingine zinaweza kuwa za mtumba zilizofuliwa na kupigwa pasi kila mahali, mishono na mikunjo ikiwemo, kwa sababu nzi huacha mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa nje na funza wake huingia kwenye ngozi. Kwa mtoto mdogo ongeza kitu laini cha kushika akilala, hata mdoli wa kitambaa ulioshonwa nyumbani, bila vifungo vya kung'ofoka vikamezwa. Kwa mwanafunzi ongeza daftari nne, kalamu mbili, penseli, kichongeo na kifutio. Binti aliyevunja ungo apewe pakiti mbili za taulo za kike, sidiria na doti ya kanga, apewe na mwanamke, faraghani, bila hotuba. Wembe usiwemo kwenye begi la mtoto yeyote, hata kijana anayeanza kuota ndevu. Wiki za kwanza huzuni inaweza kumzidi, na kitu chenye makali hakina sababu ya kuwa karibu na mkono wake.

Kwa mtoto mchanga weka nepi za kitambaa kuanzia sita, pini zake, fulana, kofia, soksi, na chandarua chenye dawa. Maziwa ya kopo msiyapeleke kwa kubahatisha. Muuguzi wa kliniki ndiye atakayesema mtoto huyo anahitaji maziwa gani na kwa kipimo gani, na yakizimuliwa maji mengi ili yadumu mtoto anadhoofu huku ananyonya.

Kosa tunaloliona mara nyingi zaidi ni kununua kwa umri. Mtu anaambiwa "ana miaka minane", anakwenda sokoni anachagua nguo ya miaka minane. Mtoto aliyekosa chakula muda mrefu anaweza kuwa na mwili wa mtoto wa miaka mitano, na suruali inayomdondoka darasani inamwongezea aibu aliyokuja nayo. Mwombeni mlezi vipimo vitatu: urefu, kiuno na mguu. Mguu unapimwa hivi: mtoto asimame, asikae, juu ya karatasi, mchana au jioni wakati mguu umeshatanuka. Chora unyayo kwa penseli iliyosimama wima. Kata uzi kutoka kisigino hadi kidole kirefu kuliko vyote, uongeze upana wa kidole chako kimoja, kisha uende sokoni na uzi huo uutumbukize ndani ya kiatu. Pima miguu yote miwili, ufuate ule mkubwa.

Sasa kuna jambo ambalo watu wema hulikosea kwa sababu ya wema wenyewe. Mtoto amefika na blauzi chafu, imechanika kwapani, inanuka moshi na jasho. Mama wa nyumba anamwogesha, anamvisha mpya, ile ya zamani anaitupa au anaichoma. Kesho yake mtoto anaitafuta chini ya kitanda, nyuma ya mlango, uani kwenye ndoo, anarudi tena chini ya kitanda. Ile harufu ndiyo kitu pekee alichobaki nacho cha nyumbani kwao. Hata kama nyumbani kwao alipigwa, bado ni kwao. Kwa hiyo msiitupe. Muulizeni kama anataka ifuliwe leo au ikae kwanza. Akisema ikae, ifungieni kwenye mfuko wake mwenyewe ikae ndani ya begi. Akikubali ifuliwe, ifueni mbele ya macho yake, muianike pale anapoiona kutoka alipokaa, na ikikauka yeye ndiye aianue. Kama ina chawa au kunguni, chemsheni maji muiloweke, nayo akiwa anaona. Ikiwa ni ushahidi wa kesi, hapo hakuna hiari: ikae kavu kwenye mfuko wa karatasi, isifuliwe, apigiwe simu polisi wa dawati.

Chakula kina somo lake. Mtoto aliyezoea njaa huficha: kipande cha ugali chini ya godoro, andazi ndani ya soksi, mfupa wa samaki mfukoni. Huo si wizi. Anaweka akiba kwa sababu hajui kesho ina nini. Ukimgombeza ataficha vizuri zaidi, na panya watakuja. Dawa yake ni mambo mawili. La kwanza, milo iwe saa zile zile kila siku, aelezwe asubuhi kuwa mchana kuna nini na jioni kuna nini. La pili, awe na bakuli lake dogo lenye kifuniko, ndani karanga au ndizi au vipande vya mihogo, likae mahali anapofikia bila kuomba ruhusa. Karanga nzima ni za mkubwa; aliye chini ya miaka mitano zinaweza kumpalia, kwa hiyo huyo apewe ndizi. Siku za kwanza atalimaliza bakuli kwa dakika tano. Mjazie tena. Wiki zikipita, bakuli linaanza kulala na chakula ndani, na hapo mlezi anajua kitu kimelegea moyoni mwa mtoto.

Aliyekonda sana asishindiliwe pilau ya kumkaribisha. Mwili uliodhoofu hauhimili mlo mkubwa wa ghafla, unaweza hata kumuua. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, apimwe mzunguko wa mkono kwa ule utepe wa rangi. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali na anahitaji matibabu kabla ya sherehe.

Usiku nao. Kabla giza halijaingia, mlezi amwonyeshe choo kilipo, swichi ilipo au tochi ilipo, na mlango unavyofunguliwa. Taa ndogo ibaki inawaka. Watoto wengi, hata wa miaka kumi, hukojoa kitandani wiki za mwanzo. Karatasi ya nailoni juu ya godoro, shuka mbili, na moja ya akiba kando ya kitanda, vinamwezesha mtoto kubadilisha mwenyewe bila kuamsha nyumba nzima. Jirani akitaka kusaidia kwa kitu ambacho hakuna anayekikumbuka, alete nailoni hiyo mita mbili na shuka za ziada. Mtoto huyu asilazwe kitanda kimoja na mtoto mkubwa wala na mtu mzima. Tandikeni hata godoro la chini, liwe lake.

Tufike kwenye adabu, maana hapa tunapishana na mazoea yetu. Mtoto ameletwa, mzee wa nyumba anasubiri shikamoo, mtoto kanyamaza anatazama chini. Basi huanza: "Huyu hajafunzwa." Mwacheni. Mtoto aliyepigwa na bumbuwazi sauti haitoki. Mtu mzima aanze yeye kwa habari za safari, amwambie jina lake, amwonyeshe pa kukaa, asimkumbatie bila kumuuliza. Shikamoo itakuja yenyewe akishaona watoto wengine wa nyumba wanaitoa. Na ule msemo wetu wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kwa huyu hautufai. Kweli, kazi ndogo humpa mtoto nafasi ndani ya nyumba, na kumkalisha kama pambo kunamtenga. Lakini kipimo ni kimoja: apewe kazi ile ile ambayo mtoto wa nyumba wa umri wake anaifanya, baada ya kupumzika, na siyo zaidi ya hapo. Mtoto wa malezi akiwa ndiye anayeamka wa kwanza kuchota maji na ndiye anayelala wa mwisho baada ya vyombo, jirani unayeona hivyo mwambie afisa ustawi wa jamii. Hapo huingilii ya watu. Unamlinda mtoto ambaye hana wa kumsemea.

Wema mwingine wa jirani ni kufunga mdomo. Bombani na kwenye foleni ya kusaga, mtoto huulizwa: "Wewe ni wa nani? Mama yako yuko wapi? Walikufanya nini?" Kila swali linamrudisha kule alikotoka. Na kama kuna kesi, kuhojiwahojiwa na kila mtu kunauharibu ushahidi wake, kwani mtoto huanza kujibu kile anachodhani mtu mzima anataka kusikia. Mlezi amfundishe sentensi moja fupi ya kujibia, mathalani, "Kwa sasa naishi kwa mama fulani," na wakubwa wairidhie. Msimwite yatima, kwani wengi wao wana wazazi. Msimwite chokoraa wala mtoto wa kuokota. Ana jina.

Picha hapana. Kesi zinazohusu watoto katika Mahakama ya Watoto husikilizwa faraghani, halafu mtu anamweka mtoto huyo huyo kwenye statasi ya WhatsApp na kibao cha shule kinaonekana nyuma yake. Aliyemdhuru anaweza kuwa ndugu, na ndugu ana namba za watu wa mtaa. Ukitaka kuwaonyesha waliochangia, piga picha ya begi likiwa tupu dukani.

Zawadi ipitie kwa mlezi, mbele ya mlezi, mchana. Hatusemi hivi kwa kuwashuku wanaotoa. Wanaowaharibu watoto huanza na pipi na siri, na mtoto aliyekwisha kuumizwa anapaswa kujifunza kwamba kitu kizuri hutolewa hadharani na hakidai malipo. Kama nyumbani mna watoto wengine watatu, usimletee mmoja kiatu kipya ukawaacha wengine wanatazama. Leta na mpira, au sukari na unga wa ngano wapikiwe wote maandazi. Wivu wa watoto wa nyumba huvunja malezi mengi, na hawana kosa: wamegawana mama yao bila kuulizwa.

Wala usimwambie "nitakuja tena" kama hujui siku. Sema "Jumamosi baada ya adhuhuri" na uje, au usiseme kabisa. "Mama yako atakuja kesho" ni uongo wa kumnyamazisha, na kesho jioni mlezi ndiye anayebaki na kilio.

Kuhusu mlezi mwenyewe, tuna ombi moja kwa vikundi vya akina mama, jumuiya, vikoba na kamati za misikiti. Msaada wote huja wiki ya kwanza. Nyumba inajaa sukari, watu wanapita kumwona mgeni, kisha kimya. Wiki ya tatu ndipo mambo yanapokuwa magumu: mtoto ameshazoea kidogo, ameanza kulia, kupasua vitu na kupigana, sukari imekwisha, na kesi imeahirishwa tena. Pangeni zamu ya wiki saba. Kila wiki mtu mmoja, kitu kimoja: kilo 10 za unga, kilo 3 za maharage, lita 2 za mafuta, debe la mkaa, sabuni ya kufulia, nauli ya kwenda mahakamani na kurudi kwa watu wawili, na wiki moja mtu wa kushinda na watoto ili mama akasuke, alale, aende kanisani au msibani. Zamu hii ya mwisho ndiyo walezi huishukuru kuliko unga, na ndiyo haigharimu kitu. Anayeshinda na watoto lazima awe mtu ambaye ofisi ya ustawi wa jamii inamjua na imemkubali.

Shuleni, elimu bila ada imekuwepo tangu 2016, ila sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula bado vinamdai mzazi. Sare nusu ni mbaya kuliko kukosa kabisa: shati jipya jeupe juu ya kaptula ya rangi nyingine linamtangaza mtoto mstarini. Nunueni jozi kamili. Barua ya afisa ustawi wa jamii ndiyo humfungulia mlango kwa mwalimu mkuu wakati uhamisho na cheti cha kuzaliwa vinafuatiliwa. Jirani anaweza kupanga foleni kwenye ofisi kwa niaba ya mlezi, lakini abebe nakala, nyaraka halisi zibaki nyumbani. Anayepaswa kujua habari za mtoto ni mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa tu.

Msomaji aliyeguswa asiende kuokota mtoto barabarani akamfungia kwake kwa huruma. Ukimkuta mtoto peke yake au ukajua anaumizwa, piga 116, haitozwi, au nenda polisi au kwa mtendaji wa mtaa. Ukitaka kuwa familia ya kuaminika, anza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Watakuja kuiona nyumba na kuongea na kila anayeishi humo, msaidizi wa kazi akiwemo. Wasipofika haraka, wakumbushe, kwa kuwa maafisa hawa ni wachache na kata ni nyingi.

Na kuna daftari. Daftari la kawaida la shule, bahasha imegundishwa kwenye jalada la nyuma. Mlezi anaandika tarehe mtoto aliyofika, nani alimleta, alikula nini siku ile, wimbo alioupenda, jino lililong'oka lini, rafiki yake wa kwanza shuleni aliitwa nani. Kwenye bahasha zinakaa nakala ya kadi ya kliniki, ripoti ya shule, mchoro wake. Mambo ya kesi hayaandikwi humo. Mtoto aliyekaa na mama yake mzazi ana mtu wa kumkumbusha alivyokuwa. Huyu asipoandikiwa, miezi hiyo inapotea kabisa.

Siku ya kuondoka itafika, kwa ndugu, kwa mzazi aliyesaidiwa, au kwa familia ya kudumu. Aambiwe siku kadhaa kabla, siyo asubuhi ya safari, na kama inawezekana akapaone kwanza. Kila alichopewa ni chake: nguo, shuka, mdoli, daftari, bakuli la karanga na kifuniko chake. Walezi wengine hubakiza nguo kwa ajili ya mtoto atakayefuata, na tunaelewa kwa nini, mambo ni magumu. Hapo ndipo zamu ya mwisho ya majirani inapotakiwa, ili begi lile lile la zipu litoke limejaa kuliko lilivyoingia, na viatu vilivyomo viwe vimepimwa mguu wa wiki hiyo.

Ni sisi wasomaji wenu,
Wanaofanya kazi na familia za kuaminika,
Dar es Salaam